Meno Yaliyofagiwa

Katika shamba zima la mbuni, mahali pekee ambapo mtu angeweza kula chakula sakafuni palikuwa banda la vifaranga, na sababu yake ilikuwa mwanamke mmoja tu, Bi Takasa. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa hospitalini, alikodeki chumba cha upasuaji miaka thelathini bila daktari hata mmoja kuingia asubuhi akakuta doa. Alipostaafu, mumewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki na watoto wameshaondoka kila mmoja na lake, basi akakaa nyumbani miezi mitatu akisafisha vilivyokwisha kuwa safi. Ndipo mdogo wake, mwenye shamba, akamfuata.

"Dada, njoo unilelee vifaranga," alimwambia. "Wa kwanza wote wamenifia mikononi mwa mtu mchafu. Nilimpasua mmoja nikakuta firigisi imejaa mawe. Mawe, dada! Mtu anawaacha watoto wanakula mawe!"

"Na wewe ulikuwa wapi?" Bi Takasa alimkaripia, kama alivyokuwa akimkaripia tangu akiwa na miaka minne na kamasi puani. Siku ya pili yake alifungasha, akaenda.

Jamani, watu wawili wenye nia njema wakikubaliana jambo wasilolijua, hakuna wa kuwashika mkono. Kila kulipopambazuka Bi Takasa alifagia uwanja wa vifaranga kwa ufagio mgumu, kutoka ukutani mpaka kwenye wavu. Kinyesi hakikupata nafasi ya kupoa. Akimaliza, aliinama akiokota kijiwe kimoja kimoja, hata kile cha ukubwa wa punje ya mahindi, akatia kwenye kopo la rangi, na kopo likijaa alikwenda kulimwaga nje ya lango. Majani aliwaoshea kwa maji matatu. Aliyetaka kuingia bandani sharti achovye viatu kwenye beseni la dawa, na hapo hakujali cheo wala undugu.

Aliyecheka alikuwa mmoja, mchungaji wa mbuni wakubwa. Watu walimwita Teke kwa sababu aliwahi kupigwa moja na dume, na tangu siku hiyo paja lake la kushoto likawa linamtabiria mvua. Wiki ya kwanza tu alisimama nje ya wavu akamwambia, "Dada, hao watoto uwaletee na mavi ya wakubwa kidogo wadonoe. Mimi nimewaona, wakiwa na mama zao ndiyo wanayoanza nayo."

"Kaoshe mdomo wako," Bi Takasa alimjibu. Teke akajiondokea, maana hata dume lililompiga halikuwa na macho makali namna ile.

Vifaranga walikuwa thelathini na wanne. Walikuwa na shingo za madoadoa na manyoya yaliyosimama ovyo, kama mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi, na wakikimbia walikimbia wote, wakigeuka waligeuka wote. Mmoja Bi Takasa alimpenda zaidi ingawa hakupata kukiri. Alimwita Mkaguzi, kwa kuwa hakuna kitu kilichopita mbele yake bila kudonolewa: kufuli, kamba ya kiatu, pete, jino la dhahabu la Teke alipocheka karibu mno na wavu. Asubuhi, Bi Takasa akiingia na ndoo ya majani, Mkaguzi ndiye aliyefika wa kwanza, akamdonoa vifungo vya joho lake la kazi kimoja baada ya kingine kama anayehesabu. Mjane yule alikuwa hajapokewa mlangoni na kiumbe chochote kwa miaka sita.

Wiki ya saba mambo yaligeuka. Kwanza alikiona kinyesi. Kilikuwa kidogo, kikavu, vidonge vidonge kama vya mbuzi, na yeye aliyekifagia kila siku akakifagia na hicho. Kisha kifaranga mmoja akaanza kubaki nyuma wenzake wakikimbia. Alisimama ameinamisha shingo, tumbo limemtuna, akawa anadonoa majani na kuyaangusha bila kumeza. Siku ya tatu alikutwa amelala ubavu, miguu imenyooka. Wa pili akafuata, halafu wawili kwa mpigo. Bi Takasa akazidisha dawa kwenye beseni, akafagia mara tatu kwa siku badala ya moja, majani akayaosha kwa maji matano. Kadiri alivyosafisha ndivyo walivyokufa. Siku ya kumi walikuwa wamekufa saba.

Mdogo wake alipiga simu. Hakumlaumu, na hilo ndilo lililomuuma.

"Dada, Jumamosi nakuja. Wakiwa bado wanaanguka, nalifunga hilo banda. Mayai yawe ya kula, basi. Wewe utarudi nyumbani upumzike, umejitahidi."

Kupumzika! Alikijua kile chumba cha kupumzikia: kiti, saa ya ukutani, na sakafu inayong'aa isiyokanyagwa na mtu. Alikata simu akaenda bandani, na leo Mkaguzi hakuja mlangoni. Alikuwa amesimama pembeni, kichwa kimeinama. Bi Takasa alipiga magoti akampapasa tumbo. Lilikuwa gumu kama begi lililojazwa kupita kiasi. Alimpelekea kifungo cha joho karibu na mdomo kabisa, na Mkaguzi hakukitazama.

Ilikuwa Jumatano. Alimtuma Teke akamlete daktari wa mifugo, na saa nne asubuhi daktari alishafika. Alikuwa msichana wa umri wa binti yake wa mwisho, amevaa buti za mpira zilizomzidi, akachovya miguu kwenye beseni bila kuambiwa. Hapo hapo Bi Takasa akampenda. Daktari alimshika Mkaguzi, akambonyeza upande wa kushoto, akasikiliza, akabonyeza tena.

"Tumbo limeziba, mama. Chakula kimeganda ndani, hakishuki. Wengine wanaosimama bado tutawapa mafuta ya kulainisha. Huyu mafuta hayamfai tena. Huyu nimpasue sasa hivi au tumwache afe."

"Atapona?"

"Sijui. Wapo wanaopona."

"Mpasue," alisema Bi Takasa.

Meza ilikuwa ile ya stoo ya chakula, iliyokuwa ikipimiwa pumba. Bi Takasa aliisugua mpaka mbao zikabadilika rangi, akachemsha maji, akatandika shuka safi, na yote hayo aliyafanya kabla daktari hajamaliza kufungua mkoba wake. Kazi hiyo aliijua. Ila Teke alipoiona sindano tu alitoka nje, akasema paja linamuuma, na daktari akabaki na msaidizi mmoja.

"Mama, umewahi kuona tumbo likiwa wazi?"

"Miaka thelathini nimefuta sakafu iliyo chini yake," alisema Bi Takasa. "Tumbo lenyewe sijawahi."

Na ndivyo ilivyokuwa, wala hakutia chumvi. Yeye aliingia madaktari wakishatoka. Alikuta glavu zilizogeuzwa, pamba, damu iliyoanza kukauka, na aliyepasuliwa alishasukumwa kwenda wodini. Hakuna aliyewahi kumwambia kilichoonekana pale juu ya meza. Na yeye hakuuliza, kwa sababu mtu hazoei kuuliza mambo ya mezani akiwa na dekio mkononi.

Daktari alimchoma Mkaguzi nusukaputi, shingo ndefu ikalegea, Bi Takasa akailaza juu ya taulo kama anayelaza mtoto. Manyoya yakang'olewa kwenye ngozi ya ukubwa wa kiganja. Kisu kikapita. Ngozi ikafunguka, kisha nyama nyembamba, kisha utando mweupe uliong'aa, na chini ya utando pale palikuwa na kitu kilichokuwa kikitembea.

"Shika hapa na hapa," alisema daktari. "Usiachie hata nikikuambia pole."

Bi Takasa alishika. Kati ya vidole vyake lilikuwapo tumbo lililo hai. Lilikuwa la rangi ya waridi iliyofifia, na mishipa imesambaa juu yake kama mizizi midogo. Lilikuwa na joto. Joto lenyewe lilimpanda kupitia glavu mpaka kwenye viwiko. Kila pumzi ya ndege yule ililiinua lote na kulishusha taratibu, na mahali fulani chini zaidi, pasipoonekana, moyo uligonga na akausikia kwa ncha za vidole. Mwili ulimsisimka. Miaka yote ile alidhani ndani ya mwili ni damu tu na uchafu, maana ndicho alichoachiwa. Kumbe ndani kulikuwa na mpango. Kulikuwa na unadhifu ambao yeye, Bi Takasa, hakuwahi kuufikia na sabuni zake zote. Machozi yalimtoka na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Daktari alilichana tumbo, akaomba kijiko. Kijiko kilikuwa cha chai, cha jikoni kwa Bi Takasa. Kikaanza kutoa majani. Yalitoka yamesokotana, marefu, mabichi bado, kama kamba iliyolowekwa. Yakatoka tena, yakajaza bakuli, na katikati yake kikatoka kifungo cha joho. Daktari akapitisha maji ya uvuguvugu, akatia kidole kwenye njia inayoshuka kwenye firigisi, akaibonyeza. Akakunja uso.

"Mbona firigisi tupu? Mawe yake yako wapi?"

"Mawe gani?" Bi Takasa aliuliza. Kisha, kwa fahari aliyoijutia maisha yake yote, akaongeza, "Hapa hawali mawe, daktari. Nayaokota mwenyewe kila asubuhi, moja moja."

Mkono wa daktari ulisimama.

"Mama," alisema polepole. "Mbuni hana meno. Anameza vijiwe, vinakaa kwenye firigisi, ndivyo vinavyosaga. Hayo mawe ndiyo meno yake."

Bi Takasa aliyatazama majani yaliyojaa bakuli.

"Na kinyesi unakiondoa?"

"Hakikai hata dakika."

"Na cha wakubwa hawajapata?"

"Hawajapata."

Daktari alishusha pumzi. Hakukasirika, alieleza kama anayemwambia mamaye. Kifaranga huzaliwa tumbo lake likiwa halina wa kulifanyia kazi. Majani hayaivi tumboni yenyewe, yanaivishwa na vijidudu vidogo visivyoonekana, na vijidudu hivyo havinunuliwi dukani wala haviji na yai. Mtoto huviokota kwenye mavi ya wazazi wake, yakiwa bado mabichi. "Hawa wako wamekula vizuri, mama. Ila hawakuwa na cha kusagia wala cha kuivishia. Majani yamekaa palepale yalipofikia."

Saba! Saba aliwaua yeye, Bi Takasa, kwa ufagio, kwa mapenzi, akiwaoshea majani kwa maji matano. Alitaka kukaa chini aupige uso wake, lakini tumbo la Mkaguzi lilikuwa mikononi mwake na aliambiwa asiachie. Basi akaendelea kushika, mikono imetulia tuli, mpaka uzi wa mwisho ulipokatwa.

"Una mikono ya kazi," daktari alimwambia akivua glavu. "Wengi huachia."

Jioni ile ile Bi Takasa alikwenda mwenyewe kwenye uwanja wa mbuni wakubwa na ndoo mkononi. Teke alimwona akija. Alikuwa na haki ya kusema neno, na neno lilimfika mpaka kwenye jino la dhahabu, lakini alimtazama usoni akalimeza.

"Unataka ya nani, dada?" aliuliza tu. "Nina madume mawili na majike matano. Daktari kasema yule jike wa mwisho ndiye mwenye afya kuliko wote."

"Nipe ya huyo."

Teke alichota fungu moja, la moto. Bi Takasa aliliweka kwenye kiganja akaliinamia. Halikunuka alivyotarajia, lilinuka majani yaliyoloa mvua. Alilivunja kwa kidole. Ndani yake majani yalikuwa yamesagika laini kama unga, kazi iliyokamilika, imefanywa na mawe na wadudu wasioonekana ndani ya giza la tumbo lile. Alikumbuka madebe ya dawa aliyoyamaliza maishani, akajiona kama askari wa getini aliyefukuza wezi na wafanyakazi kwa rungu moja. Hospitalini alikuwa sawa, hilo asingelikana mbele ya mtu. Ila hapa hapakuwa hospitali, na usilolijua ni usiku wa giza.

Alilichanganya fungu lile na chakula kwa mikono yake. Kisha akachukua sufuria akatoka nje ya lango, akapiga magoti barabarani kwenye lundo alilolimwaga kwa wiki zote zile, akachagua vijiwe vidogo laini vya kuwatosha, akavirudisha. Alivimwaga uwanjani. Aliogopa wasingevijua, kwani walikuwa hawajaviona tangu kuzaliwa. Jamani! Ishirini na sita walisimama wima mara moja, shingo juu. Kisha wakaja mbio, hata waliokuwa wakikokota miguu, wakadonoa. Wakachagua, hiki wakiacha, hiki wakimeza, kila mmoja akikijua kijiwe kinachomfaa, na ardhi yote ikalia ko-ko-ko kama mvua ya kwanza juu ya bati. Bi Takasa aliziba mdomo kwa mkono mchafu bila kufahamu.

"Nani amewafundisha?" alinong'ona.

"Hakuna," alisema Teke, na yeye pia hakuwa akicheka.

Alhamisi wawili walikufa, waliokuwa wamechoka mno. Ijumaa hakufa mtu. Wale wengine walianza kunywa, kisha kukimbia, na kinyesi chao kikalainika, kikawa kizito na cha kijani. Mkaguzi alikuwa ametengwa kwenye kizimba chake pamoja na vifaranga wawili wapole, kwa sababu daktari alionya kwamba mbuni akibaki peke yake hufa kwa upweke hata kidonda kikipona. Bi Takasa aliposikia hivyo alisema, "Hilo sihitaji kuelezwa." Mkaguzi alikuwa akisimama. Alikunywa maji, akala kidogo chakula kilichochanganywa. Lakini kutoka, hakikutoka kitu. Daktari alisema kwenye simu kwamba kila kilichoshonwa kitajulikana hapo: njia ikifunguka, amepona; isipofunguka kufikia Jumamosi, basi.

Jumamosi Bi Takasa alikaa chini tangu kulipopambazuka, kwenye udongo wa kizimba, mgongo ukutani, macho kwenye mkia wa ndege. Wasomi wanatazama nyota, yeye alitazama hapo. Hakufagia. Aliomba kwa maneno ambayo hakuwahi kudhani mtu anaweza kumwomba Mungu, akayataja mavi waziwazi, kwa heshima zote.

Saa tatu gari la mdogo wake liliingia. Alimsikia akizungumza na Teke, akauliza wamebaki wangapi, akaambiwa ishirini na watano pamoja na yule mgonjwa. Akaja na hatua zake za kusitasita, hatua za mwanamume wa miaka hamsini anayemwogopa dada yake bado, akasimama mlangoni pa kizimba.

"Dada, mbona umekaa chini?"

"Nyamaza."

Mkaguzi alikuwa ameinua kichwa. Alipiga hatua mbili, akapanua miguu, akatikisa mkia. Akasimama hivyo muda ambao Bi Takasa hakuvuta pumzi hata moja. Kisha njia ikafunguka, na fungu likaanguka chini kwa kishindo kidogo, la kijani, laini, linafuka moshi katika ubaridi wa asubuhi. Mkaguzi alijikung'uta manyoya. Akaanza kuzunguka pale pale alipo, mabawa yake mafupi ameyatanua, akizunguka na kuzunguka na uzi wa daktari ubavuni, kama vile mwili mzima ulikuwa umepata habari.

Bi Takasa alitoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio. Mdogo wake hakuelewa kitu. Yeye aliona kinyesi mbele ya dada yake, na miaka yote ya utotoni ikamrudia, masikio yaliyovutwa, sakafu zilizorudiwa. Haraka haraka akanyakua ufagio nyuma ya mlango, akainama kufagia kabla hajakaripiwa.

"Weka chini huo ufagio!" Bi Takasa alisema kwa ukali, akatambaa kwa magoti akalikinga lile fungu kwa mikono yake miwili, huku akiwaita vifaranga wale wapole kwa kidole. "Wenzake hawajala."